Kusindikwa na kusindikwa kupita kiasi: tofauti inayomhusu mtoto wa miezi 6

"Usimpe mtoto vyakula vya kusindikwa." Ushauri huu umeenea, na anayeusikia huanza kuogopa unga wa mashine na maziwa ya pakiti, huku biskuti "za watoto" zikibaki kapuni kwa sababu boksi limeandikwa kwamba zina vitamini. Ushauri umempata asiyehusika.

Chakula kilichosindikwa kupita kiasi ni bidhaa ya kiwandani inayoundwa zaidi na vitu vilivyotolewa ndani ya vyakula vingine, kama wanga, sukari, mafuta na protini, kisha ikatiwa ladha, rangi na vinginevyo ili ivutie na ikae muda mrefu. Maana hii inatokana na mgawanyo uitwao NOVA, wa Carlos Monteiro na wenzake wa Chuo Kikuu cha São Paulo, Brazili, ulioanza kujulikana mwaka 2009.

NOVA ina makundi manne, na ugomvi wote uko hapo. La kwanza ni vyakula vya asili au vilivyoguswa kidogo tu: maharage, mayai, dona, dagaa wa kukausha, maziwa ya pakiti yasiyoongezwa kitu, mtindi mtupu. Kukausha, kusaga, kuchemsha na kugandisha kote ni kusindika, na hakuna ubaya wowote. La pili ni viungo vya kupikia: mafuta, sukari, chumvi. La tatu ni vya kundi la kwanza vilivyotiwa vya kundi la pili, mfano ng'onda (samaki wa kukaushwa kwa chumvi) au mkate wa unga, maji, hamira na chumvi. Kundi la nne ndilo lenye "kupita kiasi": soda, juisi za boksi zenye ladha ya kutengeneza, soseji, krispi, tambi za dakika mbili, nafaka tamu za kifungua kinywa.

Kiwanda, basi, si kipimo. Chukua kopo la mtindi mtupu na kopo la yogati ya stroberi kutoka friji moja dukani. La kwanza lina maziwa na bakteria wa kugandisha. La pili mara nyingi lina sukari, wanga uliobadilishwa, ladha na rangi, na stroberi yenyewe ni kidogo sana au haipo. Viambato huandikwa kwa uzito, kikubwa kikitangulia. Sukari ikiwa katika nafasi ya pili, ujue ni nyingi. Na ukiona majina kama maltodekstrini na sharubati ya glukosi, vitu ambavyo hakuna jiko la nyumbani linavyo, umeshajua uko kundi la nne. Vitamini zilizoongezwa haziitoi bidhaa katika kundi hilo.

Maziwa ya kopo ya watoto wachanga nayo yamo kundi la nne. Mama asiyeweza kunyonyesha asitishwe na hilo: bila maziwa ya mama, hayo ndiyo yanayofaa kwa mtoto mchanga, na maziwa ya ng'ombe peke yake hayafai kuwa mbadala.

Kuhusu atakachopenda mtoto baadaye, utafiti mwingi umetoka Brazili, na mara kadhaa umeonyesha kwamba watoto walionyonya muda mrefu hula vyakula vya kundi la nne kwa kiasi kidogo zaidi wanapokua. Kuna sababu zinazoeleweka. Ladha ya maziwa ya mama hubadilika kulingana na anachokula mama, vitunguu saumu au karoti, lakini ya kopo ni ileile kila siku. Mtoto pia huzaliwa akipenda utamu na kukwepa uchungu, hivyo mchicha huenda ukahitaji kuonjwa mara 8 hadi 10 kabla haujakubalika. Wengi hukata tamaa mara ya tatu na kuweka kitamu mahali pake.

Halafu kuna mabonge, yaani vipande laini ambavyo havikusagwa. Utafiti wa Bristol, Uingereza, ulikuta kwamba watoto walioanza chakula chenye mabonge baada ya miezi 9, walipofika miaka 7, walikula matunda na mboga kidogo zaidi na walisumbua zaidi mezani. Kwa hiyo ukifika mwezi wa 6, anza na vijiko 2 hadi 3 vya uji mzito au kitu kilichopondwa, kizito cha kutomwagika kijiko kikiinamishwa. Kuanzia mwezi wa 8, ponda kwa uma badala ya kusaga. Uji mwembamba wa kunywewa kwenye chupa hujaza tumbo maji na haumfundishi kutafuna. Kunyonya kunaendelea hadi miaka 2 au zaidi.

Wapo wanaodai kwamba kunyonyesha kunamkinga mtoto asipende soda. Hapo wamezidisha. Utafiti huo unaonyesha uhusiano, na akina mama wanaonyonyesha muda mrefu huenda pia wanatofautiana na wengine kwa elimu, kipato na muda wa kupika. Aliyenyonya miaka 2 huku akipewa juisi ya boksi kila alasiri atazoea juisi hiyo. Na mama aliyeshindwa kunyonyesha bado ana miezi 18, kuanzia wa 6 hadi wa 24, ya kumwonjesha mtoto mchicha kwa mara ya nne, ya tano na ya sita.