Pa Kuanzia Tarantula Anapovuja

Swali la kwanza ninalomuuliza mfugaji wa tarantula, yule buibui mkubwa mwenye manyoya, anayenipigia simu kwa hofu si dawa gani anayo nyumbani, bali ni wapi hasa panapovuja. Damu ya tarantula, majimaji yenye rangi ya samawati hafifu kwa sababu ya madini ya shaba, haikai ndani ya mishipa muda wote kama yetu, bali huogelea wazi katikati ya viungo, na msukumo wake ndio unaonyoosha miguu. Misuli hukunja magoti, lakini hakuna msuli wa kuyanyoosha. Kwa hiyo tarantula aliyepungukiwa na maji hukunja miguu yote chini ya kifua kama ngumi, na kumnywesha huwa sehemu ya tiba.

Hivi karibuni nililetewa jike wa Brachypelma hamorii, yule wa Mexico mwenye magoti mekundu. Alikuwa amepanda kioo, kucha zikanasa kwenye wavu wa kifuniko, kisha akaangukia ukingo wa kigae. Tumboni, ambako ngozi ni nyembamba mno, palikuwa na mpasuko mfupi kuliko punje ya mchele, na kila nilipolikausha tone, lingine lilijaa mahali pake. Nilikausha kwa ncha ya tishu, nikanyunyiza wanga wa mahindi, nikasubiri. Wanga ulipoloa tena, niligusisha supa gluu kidogo sana kwa kijiti cha meno. Hapa ndipo wengi huharibu, kwani mapafu manne hupumulia kwenye nyufa zilizo chini ya tumbo, na gundi ikitiririkia huko umemziba pumzi. Mafuta ya mgando yanafaa kwa mchubuko mdogo tu, maana mahali penye msukumo huteleza.

Mguu ni habari nyepesi zaidi. Jeraha la nchani mara nyingi huganda lenyewe, na lisipoganda, buibui anaweza kuuachia mguu mzima kwenye kiungo kilicho karibu na kifua, ambacho hujifunga haraka. Wapo wanaoula mguu wao wenyewe baadaye, jambo linalowashtua wafugaji wao kuliko jeraha. Mguu mpya huota anapojivua gamba, mwembamba mwanzoni, ila dume aliyekomaa kwa kawaida hajivui tena.

Zamani nilikuwa nikiwafungia majeruhi kwenye kasha lenye tishu mbichi, kama wafugaji wengi walivyofundishana. Siku hizi sifanyi hivyo kwa aina zinazotoka sehemu kame, kwa kuwa unyevu usio na hewa huleta kuvu kwenye kidonda. Ninatandika karatasi nyeupe badala ya udongo, ili tone jipya lionekane, naweka kisahani cha maji, na kuondoa kila nyenje wa chakula aliye hai, kwani hata nyenje anaweza kumtafuna mgonjwa. Asiyeweza kujivuta hadi kwenye maji huinamishwa taratibu, mdomo uguse kisahani. Hazami, kwa kuwa mapafu yako nyuma. Akionekana amelala chali, basi pengine anajivua, na mtu asimguse kabisa.

Wakati wote huo navaa glavu na miwani, kwa sababu jamii hii ya mabara ya Amerika hupangusa tumbo kwa miguu ya nyuma na kurusha vinywele vinavyowasha. Pelinobius muticus wa Kenya na Tanzania, anayeishi ndani ya shimo, hana vinywele hivyo, ila meno yake hayafanyi mzaha, kwa hiyo yeye hushikwa kwa kikombe na kipande cha kadi.

Jike wangu alikunywa siku ya tatu. Nimemwomba mfugaji wake aondoe wavu na kuongeza udongo, hadi nafasi ya kupanda isizidi mara moja na nusu ya upana wa miguu yake. Kiraka cha gundi bado kipo. Kinapaswa kuondoka na gamba la zamani, na kikigoma siku hiyo, nitakuwa na kazi ya pili, ngumu kuliko hii.