Ruzuku ya mafunzo ya ajali za mabomba: pesa hii inalipia dakika za mwanzo

Tarehe 9 Septemba 2010, saa 12:11 jioni, bomba la gesi la inchi 30 lilipasuka chini ya mtaa wa makazi kwenye mji wa San Bruno, California. Moto ulipanda juu mpaka watu wengine wakadhani ni ndege imeanguka, manake uwanja wa ndege wa San Francisco uko jirani pale. Watu 8 walikufa, nyumba 38 ziliteketea, na gesi ilikuja kukatwa baada ya dakika 95. Ila kitu ambacho mimi huwa nawasimulia wanafunzi wangu sio ukubwa wa moto. Bodi ya uchunguzi ya Marekani, NTSB, ilipochimba ile ajali ilikuta kikosi cha zimamoto cha mji hakikuwa na habari kwamba bomba kubwa vile linapita kwenye mji wao. Walifika haraka, walikuwa na moyo na magari walikuwa nayo, alafu wakakuta mlipuko umevunja hadi bomba la maji kwa hiyo hata maji ya kuzimia moto hapo karibu hakuna.

Nafanya kazi kwenye taasisi inayofundisha waokoaji na kila mwaka napigiwa simu na watu wa vikosi vidogo wanauliza hii ruzuku ya serikali ya Marekani ya mafunzo ya ajali za mabomba inatolewaje na inanunua nini. Nitajibu hapa kwa kirefu, ila naomba San Bruno ikae kichwani muda wote unaposoma, maana ndo kipimo. Ombi lolote la pesa ambalo lisingewasaidia wale jamaa jioni ile, mimi nalihesabu ni ombi bovu hata kama limeandikwa vizuri.

Marekani ina zaidi ya maili milioni 2.6 za mabomba ya gesi na mafuta, mengi yako chini ya ardhi na mtu anaishi juu yake miaka 20 hajui. Anayeyasimamia upande wa usalama ni wakala unaoitwa PHMSA, watu wanautamka "fimsa", uko chini ya wizara ya uchukuzi. Sheria ya usalama wa mabomba ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2002, miaka mitatu baada ya bomba la petroli kupasuka Bellingham kule jimbo la Washington na kuua vijana watatu, iliweka kipengele kinachoruhusu ruzuku kwa serikali za majimbo, kaunti na miji iliyoko kwenye yale maeneo ambayo bomba likipasuka madhara yanakuwa makubwa, yaani penye watu wengi, penye vyanzo vya maji ya kunywa na kadhalika. Pesa hiyo ni ya usimamizi wa dharura, mafunzo, na msaada wa kitaalam.

Sasa hapa wengi wanateleza. Sheria kuruhusu ruzuku sio sawa na pesa kuwepo. Bunge la kule linapitisha kwanza sheria inayosema ruksa kutumia hadi kiasi fulani, alafu kila mwaka linakaa tena kwenye bajeti na kuamua litatenga ngapi kweli, na mara nyingine linatenga kidogo kuliko ilivyoruhusiwa au halitengi kabisa. Kwa hiyo usipange mafunzo ya mwaka kesho kwa kusoma sheria, subiri tangazo rasmi la ruzuku la mwaka huo, lisome lote mpaka ukurasa wa mwisho, maana masharti yanabadilika.

Pia kuna mifuko mingine inafanana majina na watu wanaichanganya. Kuna HMEP, huo unatokana na ada wanazolipa wanaosafirisha mizigo hatari, unapitia kwa majimbo na makabila ya wenyeji na anayepokea anatakiwa kuchangia asilimia 20. Umetengenezwa kwa ajili ya ajali za mizigo hatari ikiwa safarini, mambo ya malori na treni, kwa hiyo mwenye shida ya bomba aulize mapema anagonga mlango gani. Kuna na ruzuku ya zimamoto ya FEMA, wakala wa serikali wa mambo ya dharura, ambayo ni pana zaidi, kule mchango wako unategemea idadi ya watu unaowahudumia: wasiozidi 20,000 ni asilimia 5, hadi milioni moja ni 10, zaidi ya hapo ni 15. Hiyo mifuko nimeipita haraka kwa sababu kila mmoja unahitaji somo lake.

Turudi kwenye pesa inalipia nini. Vikosi vingi vikisikia ruzuku vinafikiria gari, mavazi, mashine. Nawaelewa, manake kitu unakishika na kukipiga picha. Lakini kwenye ajali ya bomba kubwa hakuna gari la zimamoto duniani litakaloshinda gesi yenye presha inayotoka kwenye tundu la inchi 30, kinachomaliza ule moto ni kampuni kufunga valvu na gesi iliyobaki kuisha. Kazi ya mtu wa kwanza kufika ni kujua ni bomba la nani, limebeba nini, upepo unaelekea wapi, watu watolewe mpaka umbali gani, na namba ya chumba cha udhibiti cha kampuni ni ipi. Na zaidi ya yote ajue asifanye nini. Asizime moto wa gesi wakati gesi bado inatoka, kwa sababu ukiuzima gesi itaendelea kujikusanya kimya kimya mpaka ikutane na cheche, na hapo mlipuko unaweza kuwa mbaya kuliko moto uliouzima. Asiguse valvu ya kampuni kwenye laini kubwa hata akiiona, anaweza kusukuma tatizo kwa watu wengine huko mbele. Aegeshe gari upande upepo unakotoka, na wala asitegemee pua, kwa sababu ile harufu ya yai bovu tunayoijua kwenye gesi ya nyumbani huwa inaongezwa tu, gesi yenyewe haina harufu, na mabomba mengi makubwa ya kusafirishia gesi mbali hayana hiyo harufu.

Haya mambo huwezi kuyajua kwa moyo wa kujitolea peke yake, na Marekani karibu theluthi mbili ya wazimamoto ni watu wa kujitolea, mchana ni fundi au mwalimu, kengele ikilia anakimbia kituoni. Mtu wa namna hiyo ukimpa darasa la siku mbili unamwondoa kwenye kazi inayomlisha. Ndo maana kwenye bajeti ya ombi nasisitiza ziwekwe gharama ambazo watu wanaona aibu kuziandika, kama nauli, malazi, malipo ya mtu anayeziba nafasi kituoni wakati mwenzake yuko darasani, ilimradi tangazo la mwaka huo linaruhusu. Darasa ambalo watu hawawezi kufika ni karatasi tu.

Sio gesi ya kupikia peke yake. Februari 22, 2020, karibu na kijiji cha Satartia, Mississippi, mvua zilikuwa zimelainisha udongo, ukaporomoka, na bomba la inchi 24 lililobeba kaboni dayoksaidi likakatika. Hii hewa haiwaki, haionekani, na ni nzito kuliko hewa ya kawaida kwa hiyo inatambaa chini kwenye mabonde na kusukuma oksijeni pembeni. Magari yalizimika barabarani kwa sababu injini nazo zinahitaji oksijeni, fikiria umekuja kuokoa watu na gari lako mwenyewe linakufa katikati ya njia. Karibu watu 200 walihamishwa na 45 wakaenda hospitali, hakufa mtu. Ripoti ya PHMSA ilisema wazi kwamba waokoaji wa pale hawakuambiwa na kampuni kuhusu kupasuka kwa bomba wala hatari za pekee za bomba la namna hiyo, wakawa wanakisia. Kwa hiyo ombi lililoandikwa "mafunzo ya mabomba" bila kusema mabomba gani mimi nalirudisha kwa mwenyewe. Andika jina la kila bidhaa inayopita kwenye eneo lako.

Utajuaje kinachopita? Kuna ramani ya taifa ya mabomba, NPMS, mtu yeyote anaingia mtandaoni kuangalia kaunti moja moja bure, na serikali za mitaa zinaweza kuomba data yenyewe. Inaonyesha mabomba makubwa ya kusafirishia gesi na ya mafuta, ile mitandao midogo inayoingiza gesi majumbani haimo, kwa hiyo hiyo utaipata kwa kampuni ya gesi. Alafu kuna kile kitabu cha rangi ya chungwa cha miongozo ya dharura, toleo la 2024 ndo la sasa, kinagawiwa bure kwa vikosi na kina kurasa za mabomba pia. Nimeona watu wanaomba ruzuku kununua vitu ambavyo vinatolewa bure, mkaguzi wa ombi akiona hivyo anajua hamjajipanga.

Upande wa makaratasi, anza kujisajili SAM, ule mfumo wa mtandaoni wa serikali ya Marekani wa wanaoomba pesa zake, mapema, miezi kabla, usingoje tangazo litoke. Usajili ni bure na unahuishwa kila mwaka, ukipata barua au simu ya mtu anadai ada ya kukusajilia jua sio serikali. Vikosi vingi vidogo vinakosa pesa hapa hapa, sio kwa sababu hawastahili bali usajili umeisha muda wake siku tatu kabla ya dedlaini. Nikisema ukweli hii inaniuma kuliko kitu kingine, manake wenye uhitaji mkubwa ndio hawana karani wa kukaa na fomu. Vikosi vitatu vinne vya jirani viende pamoja chini ya kaunti, bomba lenyewe halisimami kwenye mpaka wa kata. Na ruzuku nyingi unatumia kwanza alafu unarudishiwa, kwa hiyo muulize mhasibu kama kituo kitaweza kubeba gharama miezi miwili mitatu bila kukwama.

Mwisho, wapokea simu za 911, namba ya dharura ya Marekani, wawekwe kwenye orodha ya wanaofundishwa. Wanasahaulika karibu kwenye kila ombi ninalosoma. Julai 25, 2010, bomba la mafuta ghafi la inchi 30 lilipasuka Marshall, Michigan, na kampuni ilichukua zaidi ya saa 17 kutambua. Usiku ule ule wananchi walipiga simu kulalamika harufu, zimamoto wakatumwa, wakazunguka na vipimo vyao vya gesi, hawakupata chanzo, wakarudi. Waliopiga baadaye wakaambiwa zimamoto walishakuja. Muda wote huo mafuta yanaingia kwenye kijito cha Talmadge na kushuka Mto Kalamazoo. Mpokea simu aliyekaa nusu siku darasani ana ramani ya mabomba mbele yake, anauliza harufu ni ya namna gani na unaisikia ukiwa wapi, simu ya tatu ikitoka upande ule ule anapigia chumba cha udhibiti cha kila kampuni yenye laini pale. Kuanzia 2022 kanuni za PHMSA zinataka kampuni nayo iwapigie 911 mara moja ikipata taarifa ya uwezekano wa kupasuka, kwa hiyo simu itaingia kwa mtu huyo huyo kutoka pande zote mbili, na hiyo nusu siku yake gharama yake kwenye bajeti ni ndogo sana.