Je, wajua kwa nini aluminiamu huusumbua msumeno ilhali ni laini?

Ikwaruze aluminiamu kwa msumari, nayo itakubali alama papo hapo. Ndiyo maana wengi hudhani msumeno wa umeme utaipita bila jasho. Wakijaribu, diski inapiga kelele, ukingo unatoka umechanikachanika, na kwenye meno kumeganda madonge meupe yanayong'aa.

Kosa ni la ulaini huo huo. Aluminiamu hunepa kabla ya kukatika, hujikusanya mbele ya jino na kusuguana nalo, na msuguano huzaa joto. Inayeyuka kwenye nyuzi joto 660 hivi za Selsiasi, wakati chuma tupu husubiri hadi 1,538. Ila haihitaji hata kufika huko: joto na mgandamizo vinatosha kuibandika chembe kwenye ncha ya jino. Ya pili hujishikiza juu ya ya kwanza, nafasi kati ya meno zinaziba, na muda si mrefu kinachokata si jino tena. Ni donge la aluminiamu linalosugua aluminiamu.

Kwa hiyo fundi huanza na kilainishi. Nta kidogo ikipakwa kwenye meno, mashine ikiwa imezimwa, huzuia chembe zisigande. Wengine hutumia mafuta ya taa, lakini mimi siyapendi karibu na mota inayotoa cheche.

Diski nayo ina siri yake. Ile ya mbao mara nyingi ina meno yaliyoinama mbele, yenye uchu wa kunyakua. Ya aluminiamu huwa na meno ya kabaidi, maada ngumu kuliko chuma, yaliyoinama kidogo kwenda nyuma, ili yakwangue kwa adabu. Bomba jembamba linataka meno mengi, pande nene linataka machache yenye nafasi pana ya kutolea vinyuzi vya aluminiamu iliyokatwa.

Halafu kuna woga. Anayesukuma polepole kupita kiasi hulifanya jino lisugue badala ya kukata, joto likarudi pale pale. Sukuma kwa mwendo mmoja, kipande kikiwa kimebanwa imara kwenye jiliwa na macho yakiwa nyuma ya miwani ya kinga, maana vinyuzi hivyo huruka vikiwa vya moto.

Na lile jiwe la grenda la kusagia chuma? Liache. Vitundu vyake hujaa aluminiamu, jiwe linapata joto, na linaweza kupasuka likiwa kwenye kasi.