Kihisi cha Dopla hakipimi kasi

Jana tena nimeambiwa: "Fundi, kihisi hiki kibovu. Toroli linakwenda mita 2 kwa sekunde, chenyewe kinasoma 1." Nikauliza kimewekwa pembe gani. Kimya.

Jamani, kihisi hakijui kasi. Kinarusha sauti, kinasikiliza mwangwi, kinalinganisha frikwensi mbili (mitetemo kwa sekunde, yaani Hz), ya sauti iliyotoka na ya mwangwi uliorudi, basi. Tofauti hiyo ndiyo Dopla. Kasi tunaikokotoa sisi. Hewani, kwa kihisi cha 40 kHz, kitu kinachokuja moja kwa moja kwa mita 1 kwa sekunde kinaleta tofauti ya Hz 233 hivi. Hapo hakuna ugumu.

Ugumu ni kwamba kinachosikika ni ile sehemu tu ya mwendo inayokisogelea kihisi au kukikimbia. Kitu kikipita kimshazari, gawa tena kwa kosaini ya pembe kati ya mwale wa sauti na njia ya kitu hicho. Kwa nyuzi 60 kosaini ni 0.5, kwa hiyo toroli la mita 2 lazima lisomeke 1. Kihisi kilisema kweli! Kwa nyuzi 90 kitasoma sifuri, hata kitu kipite kama risasi.

"Basi nitaingiza pembe." Vizuri, umeipimaje? Ukidhani ni nyuzi 20 kumbe ni 25, kasi itapungua kwa asilimia 4 hivi. Ukidhani 60 kumbe 65, itapungua kwa 15. Ukidhani 80 kumbe 85, umepoteza nusu nzima, na kosa ni zile zile nyuzi 5. Ndiyo maana wanaopima mwendo wa damu kwenye mishipa hufundishwa wasivuke nyuzi 60. Halafu mtu ananiuliza habari za joto! Hewa ikipanda nyuzijoto 10, kasi ya sauti, tunayoitumia kwenye hesabu, haibadiliki hata kwa asilimia 2. Shughulika na pembe kwanza.

Na hata pembe ukiipata, mwale si uzi, una upana. Kitu kilicho karibu hupigwa kwa pembe nyingi kwa wakati mmoja, na badala ya mstari mmoja kwenye grafu ya frikwensi unapata kichuguu. Usome kilele au katikati? Mimi huchukua katikati, mwenzangu huchukua kilele, na kwa data ile ile majibu yetu hutofautiana. Kila mmoja ana hoja nzuri.

Ukiweza, elekeza kihisi kwenye mstari wa mwendo wenyewe. Ukishindwa, tumia viwili vilivyotengwa kwa pembe unayoijua, vyote vikitazama kitu kile kile: masomo mawili yatakupa kasi pamoja na mwelekeo, bila kukisia pembe kwa jicho.