"Jina litakuja fulani": tunayoyaamini kuhusu kuhakiki kabla ya kutuma pesa

Mimi ni wakala hapa Mwanjelwa, Mbeya, na kitu kinachoniuma kuliko vyote ni mtu anakuja anahema, simu mkononi, "kaka nimetuma pesa kusiko", alafu ukiangalia unakuta kabla ya kutuma simu ilimletea kila kitu kwenye skrini ahakiki, namba, jina na kiasi, yeye kaingiza tu namba ya siri. Yapo mambo watu wanayaamini kuhusu hiyo hatua na mengi sio kweli.

Kuna wanaosema ile skrini ya kuhakiki ni mtandao unakuchelewesha tu. Hapana jamani. Namba ya simu ina tarakimu kumi na haina namna yoyote ya kujigundua kwamba imekosewa, ukibonyeza 4 badala ya 7 unaweza kuangukia kwa mtu mwingine kabisa mwenye laini yake halali huko Sumbawanga, simu haijui kwamba ulikuwa unamlipa mkulima wako wa viazi kule Isyonje. Kinachoweza kukustua ni jina, na linakuja kabla ya namba ya siri, ukishaiingiza basi.

Alafu kuna hili ambalo ndo limeniliza zaidi: "jina limetokea, kwa hiyo ni mwenyewe." Ile meseji ya matapeli sote tunaijua, "ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja fulani". Hebu jiulize kwa nini anakutajia jina mapema. Anajua kabisa kwamba mfumo utakuonyesha jina, sasa anakuandalia jibu kabla hujauliza swali, ukifika pale unaona jina lililoandikwa kwenye meseji ndo hilohilo limetokea, moyo unatulia, unamalizia. Kuna mama mmoja Januari alituma kodi ya fremu namna hiyo, nikamuuliza mama, hili jina unalijua? Akasema "si ndo lililokuja kama walivyoandika". Mwenye fremu yake anamfahamu miaka tisa, jina lake wala halifanani na lile! Yani alihakiki kweli, ila alilinganisha meseji ya tapeli na laini ya tapeli. Jina unalinganisha na lile ulilokuwa unalijua wewe kabla meseji haijaingia, na kama mtu amebadilisha namba unampigia kwenye ile ya zamani uliyoisevu mwenyewe, sio hiyo mpya.

"Sasa walijuaje nadaiwa?" Hawakujua. Wanatuma kwa watu wengi kwa kubahatisha, bando la meseji bei yake ndogo, na Januari ya ada na kodi nani hana mtu anayemsubiri? Kwa hiyo usiogope ukadhani kuna mtu wa karibu kakuchoma.

Wengine wananiambia hizi hatua za kumsimamisha mtu kidogo hazibadilishi chochote. Zinabadilisha. Aprili 2020 WhatsApp waliweka kikomo kwamba ujumbe ulioforwadiwa sana unapelekwa kwa mtu mmoja au grupu moja tu kwa wakati, hawakufuta meseji ya mtu yeyote, na baadae wakasema forwadi za aina hiyo zimepungua kwa asilimia 70. Kidole kikichelewa kidogo akili inapata nafasi.

Kuhusu "mtandao utanirudishia", inawezekana kama pesa bado ipo kwenye akaunti ya aliyepokea, ndo maana piga huduma kwa wateja hapohapo usisubiri kesho, ila tapeli yeye anaitoa mapema sana. Na ukiishia kufuta meseji na kumblock umejiokoa wewe tu, kesho inamfikia bibi yako Tukuyu. Iforwadi kwenda 15040, ni namba ya kuripoti utapeli, utajibiwa uandike namba iliyokutumia, unaandika, umemaliza.

La mwisho, watu wanadhani tangu tusajili laini kwa alama za vidole, ile ya mwisho wake Januari 20, 2020, basi laini ya tapeli ina jina la tapeli. Sio lazima. Kuna watu walibonyeza kidole mara mbili tatu kwa msajili wa barabarani, anaambiwa "haijasoma, rudia", kumbe inasajiliwa laini nyingine. Kwa hiyo hilo jina litakalokuja kwenye simu ya mtu huko Makambako linaweza kuwa la kwako. Piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, ukikuta namba usiyoijua nenda na kitambulisho kwenye duka la mtandao husika waifute.