Je, wajua kwa mnyoo wa tumbo ni msuli ndo unaifuata neva?

Wengi wakisikia minyoo wanaona kinyaa tu basi, ila mimi ukiniwekea slaidi ya Ascaris chini ya hadubini nasahau hadi kula. Ascaris ndo yule mnyoo mrefu wa utumbo mdogo, jike anafika sentimita 20 mpaka 35 na kwa siku anataga mayai kama laki 2 hivi. Kwa macho unaona kamba laini tu, uhondo uko ndani.

Ili uone ndani, mnyoo anawekwa kwenye fomalini (dawa ya kuzuia asioze), anakaushwa maji kwa alkoholi, anazamishwa kwenye nta ya moto, ikishaganda unamkata kama mkate kwa mashine ya mikrotomu, kila slesi unene wa maikromita 5 hivi. Halafu rangi mbili, hematoksilini inafanya viini vya seli viwe bluu-zambarau, eosini inapaka pinki sehemu kubwa iliyobaki.

Sasa chungulia. Duara la nje kabisa ni kutikula, ganda la kolajeni (protini ngumu kama nyuzi) tabaka juu ya tabaka, halina seli hata moja. Chini yake kuna ngozi nyembamba inayovimba kuingia ndani sehemu nne, mgongoni, tumboni na mbavuni kushoto na kulia, na vile vivimbe ndo vinagawa misuli mafungu manne. Neva kuu mbili zimepita kwenye kile cha mgongoni na kile cha tumboni.

Hapo kwenye misuli ndo nataka utulie. Kila seli ya msuli ina sehemu tatu: upande unaojikunja umeegemea ukutani, halafu kuna kifuko kikubwa chenye kiini na akiba ya glaikojeni (sukari ya kuhifadhi nguvu) kinaning'inia ndani kama puto, na kwenye kifuko unatoka mkono mwembamba mreeefu unaoenda mpaka kwenye neva. Sisi binadamu neva inatoa matawi kuufuata msuli, huku kwa mnyoo msuli wenyewe unanyoosha mkono kwenda kuchukua amri! Mwili mzima una seli za neva karibu 300 tu, kwa hiyo naona mpango huu unamfaa sana, neva inabaki waya mmoja na misuli kibao inajiunga pale.

Kingine, misuli yote imelala kwa urefu, hakuna hata mmoja unaozunguka mwili kama kwa mnyoo wa ardhini. Sasa akijikunja anajinyooshaje? Ni presha. Ule uwazi kati ya misuli na utumbo wake umejaa maji yaliyobanwa kwelikweli, ukimchana akiwa mbichi yanaruka, so vaa miwani. Misuli ya mgongo ikivuta, maji na kutikula vinasukuma upande wa tumbo unyooke, kisha zamu inageuka, anaenda kwa mawimbi.

Na anahitaji kuogelea muda wote maana hana ndoano ya kujishikilia, utumbo unamsukuma kwenda nje kila saa. Ndo maana dawa kama pyrantel inamweza: inashika vipokezi vya asetilikolini (kemikali inayopeleka amri ya neva kwenye msuli) kwenye misuli hiyohiyo, yote inakaza kwa pamoja na haiachii, mnyoo anakakamaa kama kijiti, anatoka na choo.