Stripu za kupima sukari kwa kadi ya bima: maswali na majibu

Mama yangu yuko Mpwapwa, mkoani Dodoma, amegundulika na kisukari na ana kadi ya NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Akienda dirisha la dawa atapewa mashine ya kupimia nyumbani?

Asianzie dirishani. Kupimwa sukari hospitalini ni jambo moja, vifaa vya kwenda navyo nyumbani ni jingine. Bima hulipia kilichomo kwenye kitita cha mafao, yaani orodha ya huduma na dawa, cha kifurushi chake, na kitita hubadilika. Kile cha NHIF kilichoanza Machi 1, 2024 kilizua mvutano mkubwa, baadhi ya hospitali binafsi zikasitisha kuwahudumia wanachama. Kwa hiyo jibu alilopewa jirani miaka mitatu iliyopita lisiwatoshe. Ulizeni dawati la bima pale anapohudhuria kliniki, na mtaje kila kitu peke yake: mashine, stripu (vijikaratasi vya kuweka tone la damu kwenye mashine), visindano vya kutobolea kidole. Wengi hukubaliwa kimoja wakadhani vyote vimo.

Daktari aandike nini hasa?

Hapa ndipo watu wanapokwama. "Apime sukari nyumbani" ni maneno matupu kwa anayekagua madai. Mwombeni aandike aina ya kisukari, dawa anazotumia, apime mara ngapi kwa siku, na jumla ya stripu kwa mwezi. Anayejichoma insulini na kuambiwa apime mara 4 kwa siku anahitaji stripu 120 kwa mwezi. Akiandikiwa kopo moja la 50, halifiki wiki mbili, kisha nauli ya kuja Dodoma mjini inaanza upya.

Mgonjwa wa kisukari aina ya pili anayemeza metformin peke yake mara nyingi hana haja ya kujitoboa kila siku. Huyo afuatiliwe zaidi kwa HbA1c, kipimo cha maabara kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi 2 hadi 3 iliyopita. Lakini akiwa kwenye glibenclamide, ambayo huweza kushusha sukari kupita kiasi, ni vizuri awe na stripu karibu. Mashine ikisoma chini ya 4 (mmol/L), anywe soda yenye sukari au maji ya sukari hapo hapo, apime tena baada ya dakika 15.

Nimeona mashine ya bei rahisi duka la dawa. Ninunue?

Uliza kwanza stripu zake. Mashine unanunua mara moja, stripu utanunua maisha yako yote. Za Accu-Chek haziingii kwenye OneTouch, na hata Accu-Chek Active na Accu-Chek Instant kila moja ina zake. Chukua mashine ambayo stripu zake zinapatikana pale bima yako inapokubalika.

Bima ikikataa?

Omba sababu kwa maandishi, umrudie daktari nayo. Huku nyuma zitumie chache ulizonazo kwa akili: leo kabla ya chai ya asubuhi, siku nyingine zikipita saa 2 tangu chakula cha jioni. Andika kwenye daftari, tena pamoja na ulichokula.

Mbona majibu yanaruka, mara yasome 7, mara yasome 15, ndani ya dakika chache?

Tazama vidole. Msimu wa zabibu hapa Dodoma mtu anakula kichala, anajifuta kwenye kanga, anajitoboa: mashine inasoma na sukari ya zabibu iliyobaki kwenye ngozi. Kupangusa kwa spiriti hakutoshi. Nawa kwa maji na sabuni, ukaushe, kisha toboa pembeni mwa ncha ya kidole. La pili ni joto. Kopo likiachwa dirishani chini ya bati au ndani ya gari juani, stripu huharibika kabla ya tarehe yake. Funga kifuniko mara utoapo stripu, na usizihamishie kwenye kopo jingine.

Visindano vilivyotumika nitupe wapi?

Si chooni, wala jalalani wanakochezea watoto. Weka kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, ikikaribia kujaa ipeleke kliniki. Na kisindano hakiazimwi, hata kwa mume au mke.